Kahawa ya mpakani: Faida huanza kwenye ua, hupotea kwenye unyevu

Mfanyabiashara anayenunua tani 10 za buni zenye unyevu wa asilimia 18, kisha akazipima zikiwa zimekauka hadi asilimia 13, atakuta mzigo umepungua kwa kilo 575. Hayo ni karibu magunia 10 ya kilo 60. Hakuna mwizi aliyegusa gunia wala afisa aliyezuia lori. Maji yameondoka hewani, na fedha za mnunuzi zimeondoka nayo.

Hasara ya aina hii huonekana kwenye mizani ya Malaba, ya ghala la Kampala au ya Mombasa, lakini chanzo chake ni shambani na kwenye turubai la kuanikia. Kwa sababu hiyo, anayeishi kwa kununua au kusafirisha kahawa kati ya Uganda na Kenya anafaa kuufahamu mmea wenyewe, hata kama hana shamba.

Kahawa inaongoza mazao ya kilimo yanayoiletea Uganda fedha za kigeni. Katika msimu wa 2023/24 nchi hiyo iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60. Kwa kuwa Uganda haina bandari, sehemu kubwa ya mzigo huo hupita Malaba, wilayani Tororo, au Busia, ukielekea bandari ya Mombasa.

Kichaka chenye maua meupe

Mbuni ni kichaka cha nchi za joto kisichopukutisha majani yote kwa pamoja. Ukiachwa bila kupogolewa hurefuka kama mti mdogo, ndiyo maana wakulima huukata ili matunda yafikiwe kwa mkono. Majani yake ni ya kijani kilichokolea na hung'aa. Maua ni meupe, hukaa kwa vishada mahali jani linapoungana na tawi, na harufu yake hufanana na ya yasmini.

Katika eneo la mpaka kuna aina mbili zinazohusika na biashara.

Ya kwanza ni robusta. Hii ni mwenyeji wa Uganda. Hadi leo iko inayoota yenyewe katika misitu kama ya Kibale, magharibi mwa nchi. Hustahimili joto na hufaa katika nyanda za chini, zikiwemo Tororo na Busia zilizo kwenye kimo cha mita 1,100 hadi 1,200 hivi.

Ya pili ni arabika, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Huhitaji baridi ya mlima. Wakulima wa Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Mbale, wameilima tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya zao hilo. Upande wa pili wa mlima huohuo, Bungoma nchini Kenya, inalimwa arabika pia. Kenya kwa jumla ni nchi ya arabika. Robusta yake ni kidogo na hupatikana sehemu za chini za magharibi.

Tofauti ya aina hizi mbili huonekana kwa macho. Punje ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake wa katikati umepinda. Ya robusta ni ya mviringo zaidi na mfereji wake umenyooka. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na ladha yake ni kali zaidi. Anayechanganya aina hizi ili apate uzito hujidanganya mwenyewe, kwa sababu mpanga madaraja huligundua jambo hilo mara anapomwaga sampuli mezani.

Ua ni kalenda ya biashara

Machipukizi ya maua hulala wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza nzuri huyaamsha, na baada ya siku 8 hadi 10 shamba zima huwa jeupe. Maua hudumu siku 2 au 3 tu kisha hunyauka.

Kutoka ua hadi tunda lililoiva, arabika huchukua miezi 7 hadi 9. Robusta huchukua miezi 10 au 11. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyeona maua ya robusta mwezi Machi anajua kwamba matunda yataiva kuanzia Januari, au mapema kidogo. Akiwa na fedha zake tayari mwezi Oktoba na kukuta mtu anauza "mavuno mapya" ya shamba hilohilo, anafaa kujiuliza mzigo huo umetoka wapi, au kama matunda yamevunwa yakiwa mabichi.

Katika ukanda huu mvua hunyesha misimu miwili, kwa hiyo huwa na mavuno makubwa na mengine madogo kila mwaka. Mvua zikichelewa au zikija kwa vipande, maua nayo hutoka kwa vipande, na tawi moja hubeba matunda mabichi na yaliyoiva kwa pamoja. Mwaka wa namna hiyo uvunaji hugharimu zaidi, na kahawa iliyochanganyika huwa nyingi sokoni.

Liko jambo jingine kuhusu ua ambalo wengi hawalijui. Arabika hujichavusha yenyewe. Robusta haiwezi, huhitaji chavua kutoka kwa mbuni wa ukoo tofauti, inayoletwa na upepo au nyuki. Mkulima aliyepanda miche ya ukoo mmoja tu wa robusta atapata maua mengi na matunda machache. Hii ndiyo sababu Uganda hutoa miche ya koo kadhaa zinazojulikana kwa herufi KR, na mkulima hushauriwa azichanganye shambani.

Kupanda na kutunza

Robusta hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, sawa na miche 450 kwa ekari. Arabika hupandwa kwa karibu zaidi, futi 8 kwa futi 8, sawa na miche 680 hivi kwa ekari. Shimo la futi 2 kila upande huchimbwa mapema na kujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi.

Wakulima wengi hupanda kahawa pamoja na migomba. Mgomba hutoa kivuli na majani ya kutandaza, na humpa mkulima chakula wakati akisubiri. Miche ya robusta iliyozalishwa kwa vikonyo huanza kuzaa kidogo baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hufikia mavuno ya kuridhisha ikiwa na miaka 3 au 4. Mibuni ikizeeka hukatwa karibu na ardhi ili ichipue upya.

Ugonjwa uliowaumiza wakulima wa robusta kuliko mwingine wowote ni mnyauko wa kahawa. Ulionekana Uganda mwaka 1993 na katika miaka iliyofuata uliua karibu nusu ya mibuni ya zamani ya robusta nchini. Majani hukauka upande mmoja, kisha mti mzima hufa, na hakuna dawa ya kuuponya. Mti hung'olewa na kuchomwa hapohapo. Koo nyingi za KR zilizalishwa ili kuustahimili. Kwa arabika, maadui wakubwa ni chulebuni na kutu ya majani. Kenya ilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010 kwa ajili ya maradhi hayo.

Hapa ndipo msafirishaji anapohusika moja kwa moja. Mnyauko husafiri kwenye miche, magogo, udongo na panga lililotumika kwenye mti mgonjwa. Miche michache iliyofichwa kwenye buti la gari au kufungwa nyuma ya boda boda inaweza kulipeleka tatizo la kijiji kimoja nchi ya pili. Miche haivuki mpaka kihalali bila cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayotoka na kibali cha nchi inayopokea, ambacho upande wa Kenya hushughulikiwa na KEPHIS.

Kiboko, mbuni na pachimenti

Maneno ya biashara hubadilika ukivuka daraja, na wengi wamegombana kwa sababu hiyo tu.

Nchini Uganda, tunda la robusta lililokaushwa zima na ganda lake huitwa kiboko. Likikobolewa hupatikana buni ambazo wafanyabiashara huziita FAQ, yaani mchanganyiko wa kawaida kabla ya kupangwa madaraja. Nchini Kenya, arabika iliyokaushwa zima bila kumenywa huitwa mbuni, neno lilelile ambalo katika Kiswahili ni jina la mmea, na bei yake huwa chini. Arabika bora humenywa ikiwa mbichi, huchachushwa, huoshwa, kisha hukaushwa ikiwa na ngozi yake nyembamba; hiyo ndiyo pachimenti. Kwa upande wa Uganda, arabika iliyokaushwa zima hujulikana kama drugar.

Kwa hiyo bei ya kilo haina maana kabla ya kujua ni kilo ya nini. Kilo 5 hivi za matunda mabichi ya robusta hutoa kilo 1 ya buni. Kilo 2 hivi za kiboko kikavu hutoa kilo 1 au zaidi kidogo. Anayelinganisha bei ya kiboko Tororo na bei ya buni Kampala bila kufanya hesabu hiyo hujiona tajiri hadi siku ya kukoboa.

Kukausha ndiko kunakopima uaminifu

Tunda huvunwa likiwa jekundu. Likivunwa kijani, punje huwa nyepesi, nyeusi au iliyokunjamana, na ladha huwa mbaya. Baada ya kuvuna huanikwa siku ileile, juu ya turubai, sakafu ya saruji au chanja, kwa unene usiozidi sentimita 5. Hugeuzwa mara kadhaa kwa siku na kufunikwa usiku au mvua ikitishia. Jua likiwa zuri, kiboko hukauka kwa wiki 2 hadi 3.

Kuanika kwenye udongo mtupu hufanya kahawa inuke vumbi na kushika ukungu. Baadhi ya ukungu huo huacha sumu ambayo wanunuzi wa ng'ambo huipima, na mzigo ukizidi kiwango hukataliwa.

Kiwango kinachotakiwa kwa buni za kusafirishwa ni asilimia 12 hadi 13. Kipima unyevu ndicho kinachotoa jibu la uhakika, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na lori moja lililokataliwa. Asiye nacho huweza kuanza na njia za zamani. Kiboko kikavu kikitikiswa sikioni hulia. Buni kavu ikiumwa hugonga jino. Iliyo mbichi huacha alama.

Hesabu iliyotajwa mwanzo ni rahisi na kila mnunuzi anaweza kuifanya. Katika kilo 10,000 zenye unyevu wa asilimia 18, kahawa yenyewe bila maji ni kilo 8,200. Kiasi hicho hakibadiliki. Maji yakipungua hadi asilimia 13, kilo 8,200 hizo zinakuwa asilimia 87 ya mzigo, na mzigo wote unakuwa kilo 9,425. Aliyelipia kilo 10,000 amenunua maji ya kilo 575 kwa bei ya kahawa.

Matumizi zaidi ya kikombe

Kabla kahawa haijawa zao la kuuza nje, Baganda walikuwa wakiichemsha na majani yenye harufu, wakaikausha na kuitafuna. Ilitolewa kwa wageni, na punje mbili za tunda moja zilitumika katika kiapo cha udugu. Pwani, kahawa chungu ya mdila yenye tangawizi ndiyo inayokalisha watu barazani hadi leo. Yemen huchemsha hata maganda na kunywa maji yake.

Maganda ya kiboko nayo ni mali. Hutandazwa shambani kama mbolea, mradi hayatoki kwenye miti yenye ugonjwa. Huchomwa pia kama kuni za viwandani. Kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, kimeyatumia kupunguza mafuta na makaa. Kwa mwenye lori linalorudi tupu kutoka kwenye kinu, mzigo huo unaweza kulipa mafuta ya safari.

Kumbukumbu ya Chepkube

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi mwaka 1976 na 1977. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima alilazimika kuiuzia Bodi ya Kahawa kwa bei ndogo, kwa shilingi ambayo haikununua sabuni wala chumvi.

Matokeo yake yalikuwa magendo. Kahawa ilivuka kwa vichwa vya watu, punda na baiskeli hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, katika iliyokuwa wilaya ya Bungoma. Nyingine ilipita Busia, mji ambao wengi husema ndiko lilikozaliwa jina la boda boda, kwa sababu ya baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Wako waliotajirika kwa miezi michache. Wako pia waliopoteza maisha, kwani serikali ya Amin iliyaadhibu magendo kwa risasi. Bei ya dunia iliposhuka, neema ya Chepkube ikafifia.

Uganda ilifungua biashara ya kahawa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sababu kubwa ya kuikimbiza kahawa nje ya nchi ikapungua. Hata hivyo, kila bei inapopaa, kama ilivyopaa kufikia rekodi mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025, tabia za zamani hurudi: kuvuna mabichi, kuuza maji, na kutafuta njia za panya.

Swali la leo: imetoka shamba gani?

Kahawa ya Chepkube iliuzwa kwa sababu hakuna aliyeuliza ilikotoka. Leo swali hilo limekuwa la kwanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa ifuatiliwe hadi kwenye shamba lenyewe, na shamba hilo liwe halikukatiwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe za kuanza kuitekeleza zimesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanaouza Ulaya wanahitaji taarifa hizo mapema. Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda huenda huko. Sheria ya Kahawa ya Uganda ya mwaka 2021 nayo ilitaka wakulima wasajiliwe.

Maana yake kwa mnunuzi mdogo ni kwamba gunia lisilojulikana likichanganywa na yanayojulikana, mzigo wote unaweza kupoteza soko hilo. Daftari la majina ya wakulima, kijiji, tarehe na kilo lina thamani sawa na kahawa iliyomo ghalani.

Kuhusu vibali, mambo haya hufaa kufahamika:

- Kusafirisha kahawa nje ya Uganda hutaka msafirishaji aliyesajiliwa na mzigo uliokaguliwa ubora. Kazi hiyo ilikuwa ya mamlaka ya UCDA hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2024 na majukumu yake kupelekwa Wizara ya Kilimo.

- Hati rahisi ya asili ya bidhaa, inayotumiwa na wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, huondoa ushuru wa forodha. Haiondoi vibali vya zao wala cheti cha afya ya mimea.

- Ndani ya Kenya, kahawa haisafirishwi barabarani bila kibali chake. Lori la mzigo wa kupita kwenda Mombasa hubaki na lakiri na nyaraka zake hadi mwisho, na haliruhusiwi kupakua njiani.

- Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichozinduliwa na marais Museveni na Kenyatta tarehe 24 Februari 2018, huwaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Malaba nako hufanya kazi kwa utaratibu huo. Foleni hufupika kwa aliye na nyaraka kamili. Aliyekosa karatasi moja husubiri kama zamani.

Kwa wenye malori

Kahawa hunyonya harufu na unyevu haraka. Kontena lililobeba ngozi, samaki, vitunguu au mafuta ya taa lisipooshwa na kukaushwa huharibu mzigo ambao ulikuwa mzuri shambani. Kontena la futi 20 huchukua magunia 320 hivi ya kilo 60, yaani tani 19.2. Sakafu na kuta hutandikwa karatasi ngumu, kwa sababu usiku wa baridi wa Timboroa na joto la Mombasa hufanya paa litoe matone ya maji.

Dereva anayekagua matundu ya kontena kwa kujifungia ndani mchana na kutazama kama mwanga unapenya hupoteza dakika 5. Gunia likilowa njiani, kahawa iliyokuwa na asilimia 12 ikiondoka Tororo itafika na ukungu, na atakayeulizwa ni yeye aliyetia saini kwamba aliupokea mzigo ukiwa mkavu. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, apime gunia chache mbele ya mwenye mali, aandike namba iliyosomeka kwenye kipima unyevu, na nakala moja ibaki mfukoni mwake.